Mtungi wa mbegu una shida gani? Kusoma dalili za naitrojeni inayopotea na ng'ombe wanaorudia

Nchini Kenya, kuanzia Njoro hadi Bungoma, mbegu ya fahali inayosubiri ng'ombe aingie joto hukaa ndani ya mtungi wa alumini wenye naitrojeni kiowevu, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi huu hauna mota, hauna waya wa stima, wala taa ya kuwaka ukiharibika. Ndiyo maana ukipata kasoro lawama huenda kwingine kwanza: kwa fahali, kwa muuzaji wa naitrojeni, kwa jua la Kisumu, na mara nyingi kwa ng'ombe mwenyewe anayerudia, yaani anayeingia joto tena baada ya kupandishwa. Nawaandikia wapandishaji, yaani wanaowatia ng'ombe mbegu hiyo, na mameneja wa vyama vya maziwa wanaotunza mitungi. Walio maabarani wenye mitungi ya sampuli za damu na seli watapata lao pia, kwa sababu chombo ni kile kile.

Kwanza tujue kilichomo. Mtungi ni vyombo viwili, kimoja ndani ya kingine, vilivyoshikana shingoni peke yake. Katikati yake hewa imenyonywa ikabaki ombwe, na ndani ya ombwe hilo mna matabaka mengi ya foili na karatasi nyembamba. Mskoti James Dewar alitengeneza chombo cha namna hii mwaka 1892, na chupa ya chai iliyo jikoni kwako ni mjukuu wake. Shingo yenyewe ni ya nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu, si ya chuma, ili isipitishe joto. Ndiyo inayobeba uzito wote wa chombo cha ndani pamoja na naitrojeni yake. Shika mambo hayo mawili, ombwe na shingo, kwa sababu karibu kila kasoro ya mtungi inaanzia kwenye moja kati yake.

Pima kabla ya kulaumu

Fundi asiyepima anabahatisha. Kuna njia mbili na zote ni rahisi. Ya kwanza ni kijiti cha mbao au cha plastiki kisicho na tundu. Kiteremshe hadi chini kabisa, hesabu hadi kumi polepole, kitoe na ukipunge hewani. Sehemu iliyozama itavaa ukungu mweupe, na urefu wa weupe huo ndio kina cha naitrojeni. Usitumie bomba lenye tundu: naitrojeni itachemka ndani yake na kukurukia usoni. Kuchungulia kwa tochi nako hakukuambii kitu, kwa sababu mvuke hufunika kila kitu.

Ya pili ni mizani, nami naipendelea kuliko kijiti. Mizani ile ya kuning'iniza inayopimia maziwa kwenye kituo inatosha kabisa. Lita moja ya naitrojeni ina uzito wa kilo 0.8 hivi, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ukijaa hubeba kilo 16 za naitrojeni juu ya uzito wake mtupu. Uandike uzito mtupu kwa rangi ubavuni mwa mtungi. Kisha weka daftari: tarehe, uzito, aliyefungua, na sababu ya kufungua. Maswali mengi yaliyo hapa chini hayana jibu pasipo daftari hilo.

Dalili: naitrojeni inaisha kabla ya wakati

Lazima ujue wakati wenyewe ni upi. Mtungi mzima wa lita 20 uliofungwa bila kuguswa hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya lita kwa siku, na kwa hesabu ya karatasi ungekaa zaidi ya nusu mwaka. Flaski ya lita 3 ya kwenda nayo shambani hupoteza karibu kiasi hicho hicho kwa siku, au zaidi kidogo, kwa sababu joto linaingia kupitia shingo na shingo ya flaski si nyembamba kwa uwiano wa udogo wake. Hiyo humaliza naitrojeni yake katika wiki tatu hivi, nayo ikifunguliwa mara kwa mara humaliza mapema zaidi. Mtu anayenunua flaski akidhani ni mtungi uliopunguzwa huishia kulalamika bure.

Sasa tenganisha mtungi na matumizi. Pima uzito Ijumaa jioni, funga, weka mahali penye kivuli na hewa, na usiruhusu mtu aufungue hadi Jumatatu asubuhi. Pima tena. Mizani ya maziwa ikionyesha tofauti ndogo hata husomi vizuri, mtungi ni mzima na naitrojeni inapotelea mikononi mwenu. Kilo nzima au zaidi ikiwa imekwenda bila mtu kugusa, ombwe linaumwa. Jaribio hili halina gharama yoyote, na linamaliza mabishano ambayo mkutano wa kamati hauwezi kuyamaliza.

Ikiwa ni matumizi, anza na kifuniko. Kizibo chake ni cha povu jepesi, kirefu, kinachojaza shingo lakini kinaacha upenyo wa mvuke kutoka. Kikivunjika katikati, watu huendelea kutumia kipande cha juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimeona shingo zilizozibwa kwa kitambaa, na hata kwa gunzi la mahindi. Kitambaa hunyonya unyevu na kuwa bonge la barafu. Gunzi likikaza sana ni hatari, maana lita moja ya naitrojeni ikigeuka hewa hujaza kama lita 700. Agiza kizibo chenyewe.

Halafu kuna ujazaji. Mtungi uliokauka na kupata joto ukijazwa haraka, naitrojeni huchemka hadi mdomoni, kila mtu anaona mvuke unamwagika, na muuzaji anaandika "umejaa". Ukifika Molo imeshuka robo. Si lazima awe amekuibia. Chuma cha ndani na yale matabaka ya foili yalikuwa yanapozwa, na kazi hiyo huendelea siku moja au mbili baada ya kujaza. Jaza nusu, subiri, kisha ongeza, na upimwe kabla na baada mbele yako. Usitangaze mtungi mbovu kwa upotevu wa saa 48 za kwanza.

Na jua la Kisumu? Hili nalisikia sana: "Huku kuna joto, naitrojeni haikai." Hebu tupige hesabu. Asubuhi ya nyuzi 15 kule Molo, tofauti kati ya nje na ndani ya mtungi ni nyuzi 211. Mchana wa nyuzi 32 Kisumu, tofauti ni 228. Joto linalopita shingoni huongezeka kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Lile linalopenya kama mnururisho, yaani kwa miale, huongezeka zaidi, lakini hata hilo halizidi robo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mtungi uliokaa miezi sita Molo hauwezi kumalizika kwa wiki mbili Kisumu kwa sababu ya hali ya hewa. Ukimalizika hivyo, uliumia njiani.

Nako njiani ndiko mitungi mingi inakoumia. Ukifungwa kwenye bodaboda bila chochote chini yake, kila shimo la barabara linaitikisa shingo inayobeba chombo cha ndani. Ukilazwa, naitrojeni inamwagika na shingo inapindwa. Tumia kreti yenye kipande cha godoro chini na pembeni, mtungi usimame wima, na uubebe kwa mikono miwili badala ya kuuburuta au kuuzungusha kwa ukingo wa kitako kama watu wafanyavyo na mitungi ya gesi.

Dalili: umande au barafu kwenye mwili wa mtungi

Hii ndiyo dalili isiyongoja kesho. Ukungu kidogo kuzunguka mdomo mara tu baada ya kujaza si kitu, utaondoka. Lakini mtungi ukitoa jasho mabegani au tumboni, ukawa baridi mkononi, au asubuhi ukavaa weupe wa barafu, ombwe limeingiwa na hewa. Chanzo ni ufa kwenye shingo, gundi iliyoachia pale shingo inapokutana na chuma, pigo lililotoboa ganda la nje, au tundu la kunyonyea hewa ambalo kofia yake imechezewa. Kofia hiyo ndogo si ya kufunguliwa na mtu yeyote nje ya karakana. Ukiing'oa kwa udadisi, mtungi umekufa.

Cha kufanya: usianze kutafuta ufa. Hamisha mbegu kwanza. Tafuta mtungi mwingine wenye naitrojeni, uusogeze ubavuni mwa huu, na uhamishe vikombe vya mirija (vile vijibomba vyembamba vya plastiki vyenye mbegu) kimoja kimoja kwa mwendo mmoja wa haraka. Ukiwa hauna mtungi wa pili, piga simu kwa mpandishaji jirani au chama cha maziwa kilicho karibu, na wakati unasubiri endelea kuongeza naitrojeni kama unayo. Mtungi uliopoteza ombwe kabisa unaweza kumaliza lita zote kwa siku moja. Kuukarabati ni kazi ya karakana yenye pampu ya ombwe, na kwa flaski ndogo gharama hiyo mara nyingi hailipi.

Hapa niweke jambo linalochanganya watu. Nyuma ya hospitali kubwa utaona tangi refu jeupe la oksijeni kiowevu, na kando yake mabomba yenye mapezi yaliyofunikwa kwa barafu nene hata saa saba mchana. Hilo si hitilafu. Mapezi yale yamewekwa makusudi yanyonye joto la hewa ili oksijeni, inayochemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, igeuke hewa kabla ya kufika wodini. Barafu pale ni alama ya kazi inayofanyika. Barafu hiyo hiyo ikionekana ubavuni mwa tangi lenyewe, au ubavuni mwa mtungi wako, ni ugonjwa.

Dalili: kizibo kinanata, barafu shingoni

Hii huwapata zaidi walio karibu na ziwa, na kila mtu wakati wa masika. Hewa yenye unyevu ikiingia shingoni hugandia pale pale. Kizibo kikirudishwa kikiwa na maji, kinajigandisha mahali pake. Usikipige nyundo wala usimwagie maji moto shingoni. Mshtuko wa joto huo unaweza kupasua gundi. Kizungushe taratibu kwa mkono ulio na glavu hadi kiachie, kikaushe kabisa, futa shingo kwa kitambaa kikavu. Vipande vya barafu vinavyoanguka ndani havidhuru mbegu moja kwa moja, ila vikijikusanya chini, vikopo vinavyobeba vikombe vya mirija havikai vizuri, na kijiti cha kupimia kinakudanganya. Mtungi ukifika zamu ya kuoshwa, hamisha mbegu, uache upate joto la kawaida kwa siku kadhaa, usafishe kwa maji na sabuni laini, na ukauke ndani kabisa kabla ya kujazwa tena.

Dalili: mtungi umejaa, lakini ng'ombe wanarudia

Hapa ndipo pesa za wafugaji zinapopotelea, na ndipo ninapotaka usome polepole.

Mbegu haifi kwa kuonekana. Mrija ulioharibika una rangi ile ile, maandishi yale yale ya fahali, na ukiuyeyusha maji yake ni yale yale. Tangu watafiti wa Uingereza Polge, Smith na Parkes walipoonyesha mwaka 1949 kwamba gliserini hulinda chembe za mbegu zisipasuliwe na barafu, tumeweza kuzihifadhi kwa miaka mingi. Lakini ulinzi huo una masharti. Chini ya nyuzi 130 hivi chini ya sifuri, hakuna kinachosogea ndani ya mrija. Ukipanda juu ya hapo, fuwele ndogo za barafu huanza kuungana na kuwa kubwa, nazo hukata kuta za chembe. Ukirudisha mrija kwenye naitrojeni unasimamisha uharibifu, huufuti. Kila unapopandisha unaongeza mwingine juu yake.

Sasa angalia shingo ya mtungi. Kwenye mtungi uliojaa vizuri, sentimita 5 chini ya mdomo kuna nyuzi kama 40 tu chini ya sifuri. Sentimita 10 chini, kama 100. Naitrojeni ikipungua, hata sehemu hizo hupata joto zaidi. Mpandishaji anayeinua kikopo hadi kikachungulia nje, akasoma majina ya mafahali huku mwenye ng'ombe akiuliza bei, amepitisha mirija yote ya kikopo hicho kwenye joto linaloua. Alichukua mmoja, akaharibu themanini. Kanuni yangu ni kikopo kisipande juu ya sentimita 5 hadi 7 chini ya mdomo, na kisikae hapo zaidi ya sekunde 8 hadi 10. Hujapata mrija? Kiteremshe, kipoe tena kwa nusu dakika, ndipo ujaribu upya. Na uwe na ramani ya mtungi kwenye daftari, kikopo gani kina fahali gani, ili kusiwe na kusoma majina shingoni.

Jinsi ya kujua kosa liko wapi: pitia rekodi za waliorudia na uangalie wanafanana kwa jambo lipi. Mirija ya fahali mmoja ikikataa huku ya wengine ikishika, shuku shehena hiyo na urudi kwa aliyekuuzia na namba iliyoandikwa kwenye mrija. Kikopo kimoja kikikataa bila kujali fahali, kikopo hicho kiliinuliwa mno. Na ukiona ni vikombe vya safu ya juu tu, hata bora zaidi, umepata ushahidi, kwa sababu safu ya juu ndiyo inayofikia joto kwanza. Vikopo vyote vikikataa, mtungi uliwahi kukauka. Mtu fulani aliona hauna kitu, akaujaza kimyakimya, akanyamaza. Ukiufungua leo umejaa, lakini daftari lina pengo la majuma kadhaa. Mbegu hiyo haifufuki, itupe.

Shamba moja likikataa huku majirani wakipata ndama kwa mirija ile ile, acha mtungi. Uliza kuhusu ng'ombe kuingia joto: anayeonekana akikubali kupandwa na wenzake asubuhi anapaswa kupandishwa jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Anayepiga simu siku ya pili amechelewa. Uliza pia kuhusu chakula na ugonjwa wa kizazi. Na kama wanaorudia ni wa mpandishaji mmoja tu, tazama mikono yake na jinsi anavyoyeyusha.

Kuyeyusha kunataka maji ya nyuzi 35 hadi 37, sekunde 40 hivi, na kipima joto. Kidole si kipima joto, hasa asubuhi ya Mau Narok ambapo kidole chenyewe kimekufa ganzi na maji ya nyuzi 30 yanaonekana moto. Kausha mrija vizuri, maana tone la maji likiingia huua mbegu. Pasha chuma cha kupandishia kwa kukisugua na kukiweka ndani ya nguo, la sivyo mbegu uliyoipasha inapozwa tena ghafla. Baada ya hapo una robo saa. Kuyeyusha mirija minne kwa sababu kuna ng'ombe wanne kijijini ni kuwapandisha wawili wa mwisho kwa maji matupu.

Ukiwa na hadubini karibu, pengine kupitia mwenzako aliye Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro au kwenye chuo cha maziwa Naivasha, yeyusha mrija mmoja wa kila kikopo na uweke tone kwenye kioo kilichopashwa. Unatafuta chembe zinazoogelea kwenda mbele. Zikitikisika pale pale, au zimelala, jibu umelipata bila kungoja siku 21 za ng'ombe kurudia.

Dalili: mrija unalia "pap!" ndani ya maji ya kuyeyushia

Naitrojeni iliingia ndani ya mrija kupitia ncha isiyozibwa sawasawa au ufa, kisha ikachemka kwa ghafla. Mmoja katika wengi, utupe na uendelee. Ikiwa ni mingi ya shehena moja, ni kosa la uzibaji. Ikiwa ni ya shehena tofauti, angalia kibano chako na jinsi unavyoipindisha mirija wakati wa kuitoa. Plastiki iliyo kwenye baridi hii huvunjika kirahisi.

Dalili: mtu anaumwa kichwa, kizunguzungu, au anaanguka karibu na mtungi

Naitrojeni haina harufu wala sumu. Inachofanya ni kusukuma oksijeni nje, na mwili hauonyi, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi ni hewa chafu inayobaki mwilini, nayo inaendelea kutoka kama kawaida. Flaski ya lita 3 ikimwagika ndani ya Probox iliyofungwa vioo inatoa zaidi ya mita mbili za ujazo za gesi. Ukichukulia kwamba ndani ya gari mna nafasi ya mita tatu hivi, oksijeni inaweza kushuka kutoka asilimia 21 hadi kama 10, kiwango ambacho dereva anazimia akiwa bado anashika usukani. Safiri na vioo viwili wazi. Bora mtungi uwe nyuma ya pikapu. Chumba cha stoo kiwe na upenyo wa hewa juu na chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi baridi hutulia chini.

Ukimkuta mwenzako ameanguka stoo, usiingie kumvuta mara moja. Wa pili huanguka juu ya wa kwanza. Fungua milango na madirisha yote, ita watu, na uingie tu hewa ikishapita.

Naitrojeni ikigusa ngozi, tia sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu, usiisugue, kisha nenda kituo cha afya. Vaa miwani ya kukinga macho unapojaza, glavu zinazovulika haraka mkononi, na suruali ikae nje ya gamboti. Ukiichomeka ndani, kinachomwagika kitaingia kwenye buti na kukaa na mguu wako.